Faili lipo, aliye nalo hayupo

Msomaji wangu, waliosikiliza redio Jumapili iliyopita watanivumilia nikirudia mawili matatu. Hewani nilikuwa na dakika kumi, na fundi mitambo alikuwa ananionyesha saa ukutani. Hapa gazetini hakuna wa kunionyesha saa, basi nitalieleza jambo hili kwa kirefu kidogo.

Alinijia mzee mmoja kazini. Mlinzi wa getini alimzuia kwanza, akidhani amekuja kuleta salamu zisomwe redioni. Kwapani alikuwa na bahasha ya kaki iliyochakaa, na ndani yake stakabadhi za michango ya zahanati. Wakazi wa mtaa wao walichangishwa nyumba kwa nyumba. Halmashauri ikasema nayo itaongeza fungu lake. Kuta zikapanda mpaka kwenye linta, kisha kazi ikasimama. Sasa, alisema, katika chumba kilichokusudiwa kuwa cha sindano umeota mpapai, na umeshaanza kuzaa.

"Mwanangu," aliniambia, "mimi sitafuti mwizi. Nataka kuiona karatasi tu. Fungu la halmashauri lilikuwa kiasi gani, na lilinunua nini?"

Nikaona hili si kubwa. Nikafuatana naye. Dada wa masijala alitupokea vizuri, akatukaribisha viti, akaingia ndani, akatoka. "Faili lipo, baba. Ila aliye nalo hayupo." Tukarudi siku ya pili. Aliye nalo alikuwepo, lakini faili limepelekwa kwa bosi. Siku ya tatu bosi mwenyewe alitupokea, akaagiza na soda, akamuuliza mzee swali moja tu: "Unaitaka ya nini?" Mzee akanyamaza. Hakuwa ameleta sababu. Alikuwa ameleta stakabadhi.

Mimi nina diploma ya uandishi wa habari, na nilikasirika kama mtu mwenye diploma. Nikaketi nikaandika barua ya kurasa mbili, nikiomba "taarifa kuhusu uwazi na uwajibikaji katika utekelezaji wa miradi ya maendeleo ya jamii". Niliisoma mara mbili, nikajipongeza. Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa: halmashauri inazingatia misingi ya utawala bora katika miradi yake yote. Waama, niliuliza upepo nikajibiwa upepo.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma historia ya jambo hili. Nilitaka kujua swali la yule bosi lilitoka wapi, na kama kuna watu popote duniani waliowahi kulijibu.

Swali lenyewe ni la zamani. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, na ndani ya kopo hilo alitunza stakabadhi za kodi ya maendeleo. Walio na umri wangu wanaikumbuka kodi hiyo. Ilikuja na kurudi kwa serikali za mitaa mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2003. Siku za msako mgambo walitega njia ya sokoni, na mwanamume asiye na stakabadhi mfukoni alikalishwa chini ya mti mpaka ndugu zake waje kumkomboa. Baba alikuwa akijipapasa mfuko wa shati kabla hajavuka kizingiti, kama wengine wanavyojipapasa kutafuta funguo. Nilikua nikiona jambo hilo ni la kawaida kabisa, kwamba raia aonyeshe karatasi yake kwa halmashauri. Halikunipitia akilini hata siku moja kwamba halmashauri nayo ina karatasi, na kwamba baba angeweza kuitaka.

Na baba hakuwa wa kwanza. Wajerumani walileta kodi ya kibanda mwaka 1897. Waingereza wakaja na yao, na mwaka 1926 Gavana Donald Cameron akaweka sheria ya Serikali za Wenyeji, ambazo baadaye zilikuwa na hazina zao. Katika hazina hizo kulikuwa na karani na kulikuwa na daftari. Daftari lilikaguliwa, tena kwa ukali, lakini mkaguzi alikuwa Bwana Shauri. Mlipa kodi hakuwa na lake pale. Hesabu ilipanda juu kwa mkubwa, haikushuka chini kwa aliyetoa.

Baada ya Uhuru tulirithi daftari pamoja na njia yake. Mwaka 1972 Serikali ilivunja halmashauri za wilaya chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, na zile za miji zikafuata. Jina lilikuwa zuri, lakini madaraka yaliyokwenda mikoani yalikwenda na maofisa wa Serikali Kuu, si na madiwani wa kuchaguliwa. Mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria za kuzirudisha, Sheria Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji, na miaka miwili baadaye halmashauri zikaanza tena kazi. Kwa miaka zaidi ya kumi hivi watu wengi hawakuwa na halmashauri ya kuiuliza, na ilipofufuka, kizazi kizima kilikuwa kimekwisha kusahau namna ya kuuliza. Juu ya hayo yote ilikuwapo Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, ambayo mtumishi wa ofisini aliijua kwa jambo moja: ukitoa karatasi isiyotakiwa kutolewa, umekwisha. Usipoitoa, hakuna atakayekufuata. Kati ya mambo hayo mawili, wewe ungechagua lipi?

Sitaki tumbebeshe dada wa masijala mzigo usio wake.

Waingereza wenyewe, walioturithisha siri hizi, hawakuwa wamejifungulia milango mapema. Sheria yao ya Siri za Serikali ilikuwa ya mwaka 1911. Mwaka 1960 mbunge mmoja mgeni alisimama katika Bunge lao kutoa hotuba yake ya kwanza, na badala ya kusifia jimbo lake kama desturi, akawasilisha muswada wake binafsi wa kuzilazimisha halmashauri ziruhusu waandishi na wananchi kuingia vikaoni. Muswada ukapita ukawa sheria. Mbunge huyo alikuwa Margaret Thatcher. Ndiyo, huyo huyo. Simsifii kwa mengine aliyoyafanya baadaye, lakini la 1960 ni lake.

Kuingia kikaoni, hata hivyo, si kuona vocha. Kwa habari ya vocha inabidi twende India, ambako Waingereza waliacha mtoto wa mama yule yule, Sheria ya Siri za Serikali ya mwaka 1923.

Upande wa magharibi wa India lipo jimbo linaloitwa Rajasthan. Ni nchi kavu. Miaka ya ukame serikali ya jimbo huanzisha kazi za kuwasaidia watu: kuchimba mabwawa, kutengeneza barabara, kujenga vyumba vya shule. Vibarua, wengi wao wanawake, hubeba udongo kwa karai kichwani na kulipwa kwa siku. Kulikuwa na kima cha chini cha mshahara, na mwaka 1983 Mahakama Kuu kabisa ya India ilikwisha kuamua kwamba hata katika kazi za ukame kima hicho lazima kilipwe. Hukumu ilikuwa nzuri mno. Vibarua wakaendelea kupunjwa.

Mwaka 1987 alihamia katika kijiji kimoja cha huko, Devdungri, mwanamke aitwaye Aruna Roy pamoja na wenzake wachache. Bibi huyu alikuwa mtumishi wa ngazi ya juu serikalini, katika ule utumishi ambao vijana wa Kihindi hukesha miaka kuusomea, na mwaka 1975 akaacha kazi kwa hiari yake. Wakakaa katika nyumba ya udongo kama majirani zao. Tarehe 1 Mei 1990 wakaunda na wanakijiji umoja wao, ambao kwa Kiswahili tungeuita Umoja wa Nguvu ya Wafanyakazi na Wakulima.

Nataka msomaji aone walivyofika kwenye suala la karatasi, kwa sababu hawakuanzia huko. Walianza kwa kudai ujira. Walipokwenda ofisini kudai, walijibiwa: hamkufanya kazi ya kutosha, vipimo vimeandikwa. Wapi? Kwenye kitabu. Tukione? Ni siri ya serikali. Wakajaribu tena, wakagoma kula, wakapigiwa kalenda. Kila mlango walioubisha, nyuma yake kulikuwa na kitabu kile kile. Vibarua wasiojua kusoma ndio waliotambua kwanza kwamba madai yao yote yanafia kwenye karatasi moja, yaani orodha ya vibarua na malipo yao. Mradi orodha hiyo imefungiwa kabatini, wao ni waongo na karani ni mkweli.

Basi wakaacha kudai ujira, wakadai orodha.

Orodha za kwanza walizipata kwa bahati, kupitia ofisa mmoja wa wilaya aliyekuwa mtu mwema, aliyewaruhusu wazitazame na kuzinakili. Tarehe 2 Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, wakaitisha mkutano wa hadhara chini ya turubai. Hakukuwa na hotuba ndefu. Mtu mmoja alishika kipaza sauti akasoma majina kutoka kwenye orodha: fulani bin fulani, siku kadhaa za kazi, rupia kadhaa, amepokea. Fulani yupo? Watu wakaanza kucheka, kisha wakaacha kucheka. Katika orodha zile yalisomwa majina ya marehemu. Yalisomwa majina ya watu waliohamia miji ya mbali na hawajawahi kugusa karai. Yalisomwa majina ya walioketi pale pale mkutanoni, na kila mmoja akasimama kueleza alichopokea hasa. Zikasomwa hati za mawe na saruji iliyopelekwa kwenye jengo, na mwenye mkokoteni ambaye jina lake limeandikwa akasema mimi sikupeleka.

(Kwa wapenda tarehe: sheria ya kwanza duniani ya kumpa raia haki ya kusoma nyaraka za serikali ilipitishwa Sweden tarehe 2 Desemba 1766, kwa jitihada za kasisi Anders Chydenius. Miaka 228 kamili, siku ile ile. Sidhani kama yeyote katika Kot Kirana alilijua hilo, wala kama lingemsaidia.)

Mikutano mingine minne ikafuata, hadi Aprili 1995. Watendaji wa vijiji wakaona mambo yanaharibika. Wakagoma, wakatangaza kwamba vitabu vyao wako tayari kumwonyesha mkaguzi wa serikali, lakini si wanakijiji. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Bwana Shauri. Bahari ya Hindi ni pana, lakini daftari ni moja.

Mwezi huo huo wa Aprili 1995, Waziri Kiongozi wa Rajasthan, Bhairon Singh Shekhawat, alisimama katika baraza la jimbo akaahidi kwamba mwananchi ataweza kupata nakala za hesabu za kijiji chake. Gazeti likaandika. Wanakijiji wakalikata gazeti wakalitunza, wakaenda nalo ofisini. Wakaambiwa hatujapata waraka. Mwaka mzima ukapita, waraka haujafika.

Tarehe 6 Aprili 1996 wakaja mjini Beawar wakaketi chini, barabarani, wakiwa na kipande chao cha gazeti. Siku ile ile ya kwanza serikali ikatoa amri: ruksa kutazama vitabu, ruksa kuandika kwa mkono, lakini nakala ya mashine hapana. Wakaikataa. Watu wa mjini walishangaa, kwani si mmepewa? Lakini mtu asiyejua kusoma atanakili nini kwa mkono? Na aliyenakili kwa mkono, kesho akisema kitabu kiliandikwa hivi na karani akasema hapana, nani ataaminiwa? Nakala ya mashine ina sahihi na mhuri ndani yake. Wakabaki barabarani siku 40. Wauza mboga wa Beawar wakawapa mboga, wanavijiji wakaleta nafaka, na kila jioni palikuwa na ngoma na vichekesho. Wito wao ulikuwa mfupi, na ukiutia katika Kiswahili unasema: pesa zetu, hesabu zetu.

Mwaka 1997 walifanya hivyo hivyo katika mji mkuu wa jimbo, Jaipur, zaidi ya siku 50. Ndipo, katikati ya Julai, makamu wa Waziri Kiongozi akatoa tangazo ambalo nadhani linastahili kuwekwa katika kila kitabu cha utawala. Alisema haki ya kupata nakala za hesabu za vijiji imekwisha kutolewa. Lini? Miezi sita iliyopita. Ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali. Yaani kanuni ya kuondoa siri ilikuwa imetunzwa kuwa siri, na watu wamekaa juani wakidai kitu ambacho kimelala katika kabati la ofisi iliyo mbele yao.

Mwaka uliofuata, 1998, katika mikutano ya namna ile ile, wenyeviti kadhaa wa vijiji walisimama mbele ya majirani zao wakakiri, na wengine wakarudisha fedha. Rajasthan ikapata sheria yake mwaka 2000, na India nzima mwaka 2005. Ilianza kufanya kazi kikamilifu tarehe 12 Oktoba mwaka huo. Mwombaji akapewa haki ya kujibiwa ndani ya siku 30 kwa ada ya rupia 10, na maskini wa kutambulika halipi kitu. Na sheria ile ina kifungu ambacho ningependa yule bosi wetu akisome kabla hajaagiza soda: mwombaji halazimiki kutoa sababu.

Nisieleweke vibaya. India haikugeuka pepo. Waombaji wengi wametishwa kwa sababu ya maswali yao, na wapo waliouawa. Mwenye karatasi haipendi kuiachia, na sheria peke yake haimbadilishi tabia.

Karibu na nyumbani upo mfano wa namna nyingine. Mwaka 1996 huko Uganda walifuatilia ruzuku ya shule za msingi, ile inayotoka Wizara ya Fedha kupitia wilayani kwenda kwa mwalimu mkuu, wakapita shule 250 na kutazama hesabu za mwaka 1991 hadi 1995. Kwa wastani, katika kila shilingi 100 zilizotoka juu, shuleni zilifika 13. Nyingine zilibaki wilayani. Shule nyingi hazikupata chochote, na jambo kubwa zaidi ni kwamba hazikujua kuwa zilistahili kupata. Mtu hawezi kudai asichokijua.

Serikali ya Uganda ikaanza kutangaza katika magazeti na redioni kiasi kilichopelekwa kila wilaya, na baadaye shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi kilichofika. Walipopima tena mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani magazeti ndiyo yaliyoleta mabadiliko hayo na ni kwa kiasi gani yaliletwa na marekebisho mengine yaliyofanywa wakati huo huo, na mimi kama mtu wa redio sina haki ya kuwa mwamuzi. Hata hivyo waligundua pia kwamba mwalimu mkuu aliye karibu na mahali gazeti linapouzwa alifuatilia fedha zake kuliko aliye mbali. Wewe unayelisoma hili barazani kwako leo, basi, unayo faida ambayo wengine hawana.

Na sisi je? Kwenye karatasi, msomaji, hatuna upungufu. Ibara ya 18 ya Katiba yetu, tangu ilipoandikwa upya mwaka 2005, inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6. Inaihusu halmashauri kama inavyoihusu wizara. Inataka kila taasisi iwe na ofisa wa kushughulikia maombi, na inampa siku 30 kujibu. Akikataa, anatakiwa aseme kwa nini, na mwombaji anaweza kwenda kwa mkuu wa taasisi kuomba uamuzi upitiwe upya. Yapo yanayozuiwa, kama ya usalama wa nchi na siri za watu binafsi, na zipo ada za kutoa nakala. Sijaona kifungu kinachotaja saruji ya zahanati miongoni mwa siri za nchi.

Hata kabla ya hapo, tangu 1982, sheria ya wilaya ilikwisha kuuweka mkutano mkuu wa kijiji, watu wazima wote, kila baada ya miezi mitatu, kusomewa mapato na matumizi. Wakulima tunaowaita washamba walipewa kwa sheria kitu ambacho wanakijiji wa Rajasthan walikilalia barabarani. Ila ukiuliza vijijini, utaambiwa mara ya mwisho mapato na matumizi yaliposomwa, yalisomwa kwa jumla: tumepata kadhaa, tumetumia kadhaa, bakaa kadhaa, ahsanteni. Jumla haina jina la mtu. Mkaguzi Mkuu naye hutoa taarifa yake kila mwaka, nasi waandishi tunaishangilia kwa wiki moja, lakini taarifa ile inaitazama halmashauri nzima. Haiwezi kujua habari za mpapai mmoja.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu, na ninalikiri hapa kwa sababu nadhani si langu peke yangu. Barua yangu yenye maneno makubwa ilimpa mkubwa nafasi ya kujibu kwa maneno makubwa. Wale vibarua wasiojua kusoma waliomba kitu chenye jina: orodha ya malipo ya kazi fulani, mwezi fulani. Kitu chenye jina ama kipo ama hakipo. Sisi tuliosomea kazi hii tumezoea kuletewa taarifa kwa vyombo vya habari ikiwa imekwisha kupikwa, mara nyingine na bahasha juu yake, tukasahau kuomba unga.

Nilimtafuta mzee tukakaa nje ya nyumba yake, juu ya benchi. Nikamwambia tuandike upya. Safari hii aliandika yeye, kwa mkono wake, mwandiko wa shule za zamani ulionyooka kuliko wangu. Ukurasa mmoja. Aliomba vitu vitano: nakala ya muhtasari wa kikao kilichopitisha fungu la zahanati, makadirio ya vifaa, vocha za malipo, hati za kupokelea vifaa, na orodha ya mafundi na vibarua waliolipwa. Alitaja sheria na mwaka wake, akaacha namba ya simu. Nilitaka aongeze aya ya kueleza sababu. Akanitazama.

"Wewe si ndiye uliyenisomea kwamba wale Wahindi hawaulizwi?"

"Hiyo ni sheria yao, mzee."

"Basi na mimi sisemi."

Tuliipeleka pamoja. Dada wa masijala akaipokea, akaiandika katika kitabu cha dispachi, akagonga mhuri wa tarehe juu ya nakala yetu. Alipoisoma ile orodha ya vitu vitano alisema kwa sauti ndogo, "Hizi zipo." Sitasahau namna alivyosema, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa kitu anachokijua.

Siku ya ishirini na sita mzee alipigiwa simu. Si vyote vitano. Alipewa makadirio, vocha mbili, na orodha ya mafundi, karatasi sita kwa jumla, akalipia nakala. Vilivyobaki, aliambiwa, vinatafutwa. Jioni hiyo hiyo tulikwenda kwa fundi aliyejenga zile kuta, ambaye siku hizi ana banda la kufyatua matofali huko huko mtaani. Mzee akamsomea polepole: mifuko ya saruji, nondo, mchanga malori kadhaa. Fundi alikuwa akiitikia kwa kichwa. Ikafika orodha ya malipo, mstari wenye jina lake: kupiga lipu, ndani na nje, imelipwa, sahihi.

Fundi akaomba karatasi aishike mwenyewe. Akaiangalia kwa muda. Kisha akaenda ndani, akarudi na kalamu, akaweka sahihi yake nyuma ya bahasha ya kaki, akaisogeza bahasha karibu na ile nakala ili tuone sote. Mzee hakusema kitu. Mimi niliziangalia kuta kule ng'ambo ya barabara, matofali matupu, na mpapai ukichungulia dirishani.

Barua ya pili, ya kuomba vilivyobaki na kuuliza kuhusu mstari ule, tuliipeleka Jumatatu. Nakala anayo mzee. Ina mhuri na tarehe.